Kabla hujafunga rimu mpya, hesabu mizunguko ya nati

Wakuu, mtu akinunua rimu za spoti maswali yake ni yale yale, inchi ngapi, matundu mangapi, zitagusa fenda au hazigusi. Hakuna anayeuliza habari za stadi, yaani zile bolti zinazotokeza kwenye habu (kile kitovu kinachozunguka na tairi) ambazo ndio unafungia nati, na wakati hizo ndio zimeshika tairi zima. Mimi nimeshabadilisha stadi kwenye gari yangu na kwenye gari za washkaji kadhaa, mbele na nyuma, na nilichojifunza kikubwa ni kwamba stadi ndefu sio urembo wala sio mambo ya wakimbiza magari tu, ni hesabu, na hesabu yenyewe unaifanya kwa vidole kabla hujatoa hela ya kitu chochote.

Inavyofanyika ni hivi. Pachika rimu mpya kwenye habu ikae vizuri, kama utaweka spesa (lile bamba la kuisogeza rimu nje kutoka kwenye habu) basi spesa nayo iwepo, halafu chukua nati ile ile utakayotumia uanze kuizungusha kwa mkono bila spana, unahesabu mizunguko mizima kuanzia pale tredi, ile mikato ya kuzunguka kwenye stadi na nati, zinapokamatana mpaka nati inapokalia rimu. Kanuni wanayotumia mafundi ni kwamba tredi zilizoingia ndani ya nati ziwe na urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, na hata NHRA, wale wanaosimamia mashindano ya dragi Marekani, kwao gari isiyofikisha hapo haipiti ukaguzi. Kwa hiyo stadi ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12, inataka milimita 12 za tredi ndani ya nati. Kama ni M12x1.5 kila mzunguko unasogea milimita moja na nusu, kwa hiyo unataka mizunguko 8. Kama ni M12x1.25 unataka kama 10, na M14x1.5 nayo iko huko huko kwenye 9 na kitu, we hesabu 10 tu. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa, ukizidisha haikudhuru.

Kwa wasiojua gari yao ina ipi, Toyota nyingi ndogo, Honda, Mazda na Mitsubishi ni M12x1.5. Nissan nyingi, Subaru na Suzuki ni M12x1.25. Land Cruiser 100 na 200 ni M14x1.5. Ila usiniamini mimi wala mtu mwingine, pima, maana nati ya 1.5 ukiipeleka kwenye stadi ya 1.25 itaingia mzunguko mmoja au miwili kama inataka halafu inaanza kuwa nzito, na pale ndipo mtu mwenye mashine ya upepo anaminya tu, nati inaingia kwa nguvu na tredi zote mbili zinakuwa zimekufa.

Sasa kwa nini rimu za kununua ndio zinaleta hili tatizo? Kwa sababu gari ikitoka kiwandani na rimu za chuma, lile bati linalokaa kwenye habu ni jembamba, milimita chache tu, na stadi zimekatwa urefu wa kutosha bati hilo. Rimu ya aloi ni nene, pale nati inapokaa unaweza kukuta milimita 10 au 12 au zaidi kutegemea na aliyeitengeneza. Ongeza na spesa ya milimita 5 kwa sababu spoku zinakwaruza kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Tuseme stadi yako imetokeza milimita 27 kutoka kwenye uso wa diski. Toa 12 za rimu, toa 5 za spesa, unabaki na 10. Lakini ncha ya stadi huwa haina tredi, milimita 2 au 3 za mwisho ni laini, kwa hiyo kilichobaki hasa ni kama 7, ambayo kwa M12x1.5 ni mizunguko minne na nusu hivi. Umeona hapo? Nati imekaza, spana imegota, gari inatembea, kwa macho kila kitu kiko sawa kabisa, na wewe unaenda barabarani na nusu tu ya kinachotakiwa. Ukiweka stadi inayoizidi hiyo kwa milimita 10 unapata 17 badala ya 7, mizunguko 11 na zaidi, umemaliza.

Hapa nieleze kitu ambacho wengi tunakichukulia vibaya. Watu wanadhani gari imekaa juu ya stadi, kwamba uzito wote unaning'inia kwenye zile bolti tano. Hapana. Stadi kazi yake ni kuvuta, inaivuta rimu ikandamizwe kwenye uso wa habu kwa nguvu kubwa sana na msuguano wa zile nyuso mbili ndio unaobeba kila kitu, kama unavyobana kitabu kati ya viganja viwili, hakianguki kwa sababu umekibana. Siku mkandamizo ukipungua rimu inaanza kuchezacheza kidogo sana, huioni, na kuanzia hapo stadi zinapigwa kwa ubavu na kupindwa huku na huku, kazi ambayo hazikutengenezwa kuifanya. Ya kwanza inakatika, jirani zake wanabebeshwa mzigo wake, wanafuata. Ndio maana stadi moja ikikatika mimi sibadilishi hiyo moja, natoa zote za tairi hilo. Na kila nitakachosema huko chini, iwe nati, kutu, rangi au toki (kipimo cha nguvu ya kukaza), kinarudi kwenye huo mkandamizo.

Spesa zenyewe sina ugomvi nazo kama ni bapa, zimenyooka na stadi inatosha. Ninachokikataa ni kupanga mbili juu ya nyingine. Halafu angalia kitu kimoja, habu nyingi zina kishingo katikati kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu ili rimu ikae sentaa, na spesa bapa inaweza kukimeza kishingo hicho chote. Rimu nyingi za kununua tundu lake ni pana makusudi, utakuta milimita 73.1, wakati habu ya Subaru ni 56.1, Toyota nyingi 60.1 au 54.1, Nissan 66.1, na ile nafasi inajazwa na pete ya plastiki au alumini. Sasa kama kishingo kimemezwa hiyo pete haina pa kushika, na mtetemo utakaousikia ukifika mwendo wa 80 au 100 sio wa balansi hata uende kubalansi mara ngapi.

Tuje kwenye kununua stadi. Usinunue kwa kusema nataka ndefu za Toyota. Toa moja ya zamani kwanza, ipime kwa venia, kile kipimio cha taya mbili. Unataka saizi ya tredi, urefu, na kubwa kuliko vyote unataka kipenyo cha yale meno ya shingoni chini ya kichwa, yale yanayong'ata kwenye tundu la habu. Meno yakizidi hata nusu milimita haitaingia au itaingia kwa kupasua habu, yakipungua itazunguka ndani ya tundu siku unafungua nati. Angalia pia meno yameshuka mpaka wapi, maana yakiwa marefu kuliko unene wa habu yatatokeza upande wa pili na kugombana na diski. Na kichwa, upana wake na umbo lake, kwa sababu nyuma ya habu kuna vitu vinapita karibu sana. Urefu nao kuna wanaopima pamoja na kichwa na kuna wanaopima kuanzia chini ya kichwa, muulize muuzaji amepima vipi la sivyo unapoteza milimita 4 au 5 hivi hivi.

Kuhusu ubora mimi siko tayari kubahatisha. Stadi nzuri ina alama ya gredi kichwani, 10.9 kwa mfano, au ni ya kampuni inayoeleweka kama ARP ambao wanatengeneza za mashindano. Ile isiyo na alama yoyote, imepakwa rangi inayong'aa kama bangili, iache hapo hapo dukani. Ukipata zenye ncha laini ndefu kama risasi chukua, zinaongoza nati iingie imenyooka na huwezi kuua tredi kizembe.

Kuzitoa za zamani. Jeki, stendi chini ya gari (sio jeki peke yake tafadhali), tairi nje, kalipa ifunguliwe na ifungwe kwa waya juu isining'inie kwa paipu yake, diski nje. Nyuma kama ni dramu shusha hendibreki kwanza. Halafu zungusha habu taratibu ukichungulia kwa nyuma, gari nyingi zina sehemu moja yenye uwazi ambapo stadi inaweza kurudi nyuma na kutoka, ukiikosa utahangaika bure. Na hapa ndio pa kuangalia kama stadi NDEFU itaweza kuingia kwa uwazi huo huo, maana fupi inatoka vizuri halafu ndefu inagota kwenye bati la vumbi au kwenye nakoli, kile chuma kinachoshika habu. Kwenye bati la vumbi unaweza kulikunja kidogo. Gari nyingine hakuna namna mpaka habu yenyewe itoke, na habu ikitolewa kwa presi mara nyingi beringi inakufa hapo hapo, kwa hiyo kama gari yako iko hivyo subiri ufanye siku unabadilisha beringi, gharama inakuwa moja. Nyuma kwenye dramu mara nyingi breki shuu zinaziba njia, piga picha springi zake kabla hujazigusa.

Najua nyundo ndio inayokuja haraka kichwani. Inatoa kweli, pigo mbili tatu stadi iko chini. Lakini kila pigo linapita kwenye gololi za beringi na kuacha vidonda vidogo kwenye njia yake, hutaona kitu siku hiyo, ila baada ya muda gari inaanza kuvuma ukiwa kwenye mwendo na hakuna anayekumbuka nyundo. Tumia kifaa cha kubania, kile cha kutolea boljointi kinafaa sana au klampu nzito ya umbo la C, unarudisha nati ya zamani mpaka iwe sawa na ncha, unakaza, inaachia kwa mlio mmoja kama risasi, usishtuke.

Kuzivuta mpya ndio sehemu ninayoipenda. Safisha tundu kwa brashi ya waya, ingiza stadi kwa nyuma, izungushe kwa vidole mpaka meno yake yaingie kwenye mifereji ya zamani kama yanalingana, utayasikia. Upande wa mbele weka nati kubwa yenye tundu pana kama bushi, juu yake washa mbili tatu nzito zenye oili katikati ili ziteleze, kisha nati iliyo wazi pande zote, uigeuze, upande bapa ndio uangalie washa. Zuia habu isizunguke kwa kupitisha nondo kati ya stadi mbili nyingine zilizovalishwa nati ili usiue tredi. Kaza kwa mkono, mpini mrefu, taratibu. Mwanzoni ni nyepesi, halafu meno yanaanza kung'ata na uzito unakuwa ule ule muda wote, unasikia krik, krik, stadi inakuja kidogo kidogo, na ghafla mpini unakuwa mzito kabisa, hauendi. Hapo kichwa kimefika. Usitumie mashine ya upepo hapa hata kama ipo, kwa sababu haikupi hiyo habari ya mkononi, na ukivuta sana stadi unairefusha kabla hata hujaifungia tairi. Hiyo nati na washa za kuvutia ziwe za kazi hiyo tu, baada ya hapo zitupe au ziweke pembeni, sio unazirudisha kwenye tairi.

Na usiamini mpini peke yake. Shika tochi uangalie nyuma, kichwa kimelala bapa kwenye habu pande zote? Mimi nachukua kipande cha karatasi nyembamba nakipitisha chini ya kichwa, kikiingia popote stadi haijafika. Nusu milimita tu iliyobaki itajimalizia yenyewe barabarani, kwenye shimo la kwanza, na ikishafika kichwa kinakaa lakini nati yako huku mbele inakuwa imelegea kwa nusu milimita hiyo hiyo, na nusu milimita kwenye nati iliyokazwa ni mkandamizo wote umekwisha. Nikisikia mtu kabadilisha stadi na nati zinalegea kila wiki naenda kuangalia nyuma kwanza kabla ya kulaumu nati. Kama gari ina ABS angalia pia vichwa vipya havigusi sensa wala ile pete yake yenye meno, zungusha habu raundi nzima ukisikiliza.

Stadi ikiingia kwa kusukuma na kidole gumba bila upinzani, simama. Ama ulinunua meno membamba ama tundu la habu limeshaliwa, na dawa yake ni stadi sahihi au habu nyingine. Kuna fundi atakwambia tunaipiga weldi kidogo nyuma ikae. KATAA. Stadi na habu zimepitishwa kwenye moto wa kiwandani kwa vipimo ili ziwe ngumu bila kuwa za kuvunjika, weldi inaharibu hilo lote pale pale penye kazi kubwa, na siili ya beringi iko vidole viwili kutoka hapo.

Nati sasa. Ulikuwa na nati zilizofungwa mdomoni, zile zenye kofia? Kwa stadi ndefu hizo ni mtego. Ncha ya stadi inafika mwisho wa kofia kabla nati haijakalia rimu, spana inagota, unasikia imekaza kweli kweli, kumbe umekaza nati kwenye stadi na rimu iko huru. Tumia nati zilizo wazi, ncha itokeze nje, unaona kwa macho. Ukizitaka za kofia kwa ajili ya muonekano basi pima kina chake cha ndani ulinganishe, na zikishakazwa jaribu kutikisa rimu.

Kisha mkao wa nati. Rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye koni ya nyuzi 60. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota nyingi zinatumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, za Honda nyingi ni duara kama mpira. Ukiweka duara kwenye koni zinagusana kwenye mstari mwembamba tu badala ya uso mzima, zitakaza leo na kulegea kesho. Pia kama rimu zimepakwa rangi upya na rangi imeingia kwenye vikalio vya nati, kwangua mpaka chuma kionekane, rangi ikibanwa inasagika na mkandamizo unaondoka nayo. Kutu kwenye uso wa habu na diski hivyo hivyo, brashi ya waya mpaka ing'ae.

Kukaza ni kwa spana ya toki, kwa msalaba, kwa awamu, tairi likiwa limegusa chini kidogo lisizunguke. Kitabu cha gari kinakupa namba, gari ndogo za M12 nyingi ziko kati ya Nm 100 na 120, Toyota nyingi zinaandika 103 na Honda 108. Tredi ziwe safi na kavu. Najua kuna wapenzi wa grisi, lakini namba hizo ni za tredi kavu, ukipaka grisi toki ile ile inavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa na inaanza kurefuka. Tembea kilomita 50 mpaka 100 halafu rudia toki, tairi zikiwa zimepoa. Ukikuta nati moja imesogea kidogo sio ajabu kwa stadi mpya. Ikisogea tena mara ya pili, rudi nyuma ya habu na karatasi yako.

Wenye BMW, Volkswagen na Mercedes nyingi nyie mnatumia bolti za kuingiza, hamna stadi, hesabu ya mizunguko ni ile ile ila kuna hatari ya upande mwingine, bolti ikizidi urefu inatokea nyuma ya habu na inaweza kugonga vyombo vya hendibreki. Kaza kwa mkono, zungusha habu, sikiliza.

La mwisho ni tairi la spea, ambalo watu huwa wanalikumbuka wakiwa pembeni ya barabara usiku. Spea mara nyingi ni rimu ile ile ya chuma nyembamba, kwa hiyo stadi ndefu zitatokeza sana na kifuniko cha plastiki hakitakaa, hilo sio shida. Shida ni nati. Kama rimu zako za spoti zina nati za aina ya pekee, zile za shingo ndefu au za kufuli, hazitashika bati la chuma. Weka kwenye buti seti moja ya nati za koni zilizo wazi, za tredi ya gari yako, kwenye kifuko kimoja na spana inayozitosha. Na kama uliongeza ukubwa wa breki mbele, lifunge hilo spea mbele mara moja ukiwa nyumbani uone linapita kwenye kalipa, maana kama halipiti basi pancha ya mbele itabidi utoe tairi la nyuma ulipeleke mbele na spea iende nyuma.